Widal chanya si taifodi

Wiki hii nimeshikishwa tena ile karatasi ya Widal, kipimo cha damu kinachotumika kutafuta taifodi: "Widal O 1:80, taifodi." Mgonjwa ana homa ya siku mbili, malaria hajapimwa, antibiotiki ya siprofloksasini ameshaanza kumeza. Jamani, Widal haioni bakteria! Inaona kingamwili, askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya bakteria (O na H ni sehemu mbili za bakteria zinazolengwa; 1:80 ni taita, yaani seramu, majimaji ya damu, imezimuliwa mara 80 na bado inagandisha bakteria), na kingamwili za taifodi kwa kawaida hujitokeza wiki ya kwanza ikielekea kwisha. Siku ya pili unasoma historia ya mwili huo, si ugonjwa uliomleta.

Mwaka 1896, Max von Gruber na Herbert Durham walionyesha huko Vienna kwamba seramu yenye kinga huwafanya bakteria wagande mafungumafungu. Albert Grünbaum, aliyekuwa maabara hiyohiyo, akaanza kujaribu seramu za wagonjwa. Fernand Widal wa Paris akamtangulia kutangaza, mwezi wa Juni. Alichokiona Widal ni kwamba mgando hutokea mtu akiwa bado mgonjwa, hangoji apone. Ugunduzi mkubwa, na hadi leo namheshimu kwa huo.

Ila kingamwili haziondoki homa ikiondoka. Aliyeugua mwaka jana anazo, aliyechanjwa anaweza kuwa na H ya juu, na aliyepata Salmonella nyingine, ndugu wa bakteria wa taifodi, anaweza kugandisha vilevile. Kwenye mitaa ambayo taifodi haikauki, watu wazima wenye afya njema hutoa 1:80 bila shida yoyote. Ndiyo maana taita moja haitoshi. Chukua damu leo, chukua tena baada ya siku kumi hadi kumi na nne, uone kama imepanda mara nne. Nani anarudi? Karibu hakuna, na aliyewahi dawa huenda isipande kabisa.

Halafu kuna slaidi, kioo ambacho tone la seramu huchanganywa na bakteria wa kipimo juu yake. Tone likiachwa likaanza kukauka, kingo zake huonekana kama mgando. Mgando hafifu, mafundi wawili wanaweza kuusoma tofauti, wote wakiwa makini.

Kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili bakteria waliomo wakue waonekane, ndiko kipimo ninachokiamini, lakini nako hukosa karibu nusu ya wagonjwa wa kweli, hasa waliokwisha kunywa antibiotiki. Kwa hiyo daktari wa kituo kisichootesha akianza tiba kwa dalili, simlaumu. Aandike tu "nashuku taifodi," na mrija wa damu autume hospitali inayootesha kabla ya kidonge cha kwanza.