Treni ya sumaku Mbeya: yanayosemwa vijiweni na yaliyo kweli

Kwa wiki mbili sasa video ileile inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp: treni nyeupe yenye pua ndefu kama mdomo wa bata inachomoka handakini na kuzama kwenye handaki jingine kabla hujamaliza kusema "ile kule". Chini yake mtu ameandika, "Mbeya tuamke, tuiunge mkono ije huku." Mpwa wangu wa Uyole amenitumia mara tatu. Jumamosi nikakuta kijiwe cha kahawa pale Mwanjelwa kimegawanyika. Kuna wanaotaka madiwani wapitishe azimio la jiji kuunga mkono treni ya sumaku kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuingia Zambia, na kuna wanaosema hizo ni ndoto za mchana.

Mradi wa namna hiyo Tanzania haupo. Lakini watu waliokuwa wanabishana pale ni wapiga kura, wakulima na wenye maroli, na wanabishania usafiri wa mkoa wao. Wanastahili kubishana wakiwa na mambo ya kweli mkononi.

"Si ndiyo hii mwendokasi ya Dodoma?"

Hapana. Jina ndilo limetuchanganya. Dar kuna mabasi ya mwendokasi, ikaja SGR, reli mpya ya kisasa, treni yake tukaiita ya mwendokasi, ikafuata Mchongoko, treni yake yenye pua kali, na sasa kila chenye pua iliyochongoka ni mwendokasi. SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na Agosti 1 mwaka huohuo ikazinduliwa rasmi hadi Dodoma. Ni treni ya umeme yenye magurudumu ya chuma juu ya reli za chuma, na mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa. Ni treni nzuri, nimeipanda, chai haikumwagika.

Treni ya sumaku, ambayo wataalamu huiita maglevu, ni ukoo mwingine kabisa. Ile ya Japani iliyo kwenye video haina reli. Inapita ndani ya mfereji wa zege wenye koili za umeme, yaani nyaya zilizoviringishwa, kwenye kuta zake, na sumaku zilizofungwa kwenye mabehewa zinavutana na kusukumana na koili hizo mpaka treni inanyanyuka. Huondoka kwa matairi ya mpira kama ndege. Ikikaribia kilomita 150 kwa saa inayakunja na kuelea sentimita 10 hivi juu ya sakafu. Aprili 21, 2015, kwenye njia ya majaribio ya Yamanashi, ilifika kilomita 603 kwa saa ikiwa na watu ndani.

Pale kijiweni wengi walidhani treni hizi zimejaa kila nchi iliyoendelea. Inayobeba abiria wa kawaida kwa kasi kubwa ipo moja tu, ya Shanghai, China, kutoka uwanja wa ndege hadi pembeni ya jiji. Urefu wa njia yake ni kilomita 30. Ni kama Mbeya mjini hadi uwanja wa ndege wa Songwe na kusogea kidogo mbele.

"Njia ipo tayari, ni kuipitisha juu ya TAZARA"

Hili lilisemwa kwa uhakika mkubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mzee mmoja aliyekuwa kibarua wa reli ujanani alilijibu bila maneno mengi. Alichovya kidole kwenye kahawa iliyomwagika mezani akachora mstari kutoka Mlimba hadi Makambako. Haukunyooka hata mahali pamoja. Ulipinda, ukarudi karibu ulipotoka, ukapinda tena. "Hivi ndivyo tulivyoupanda mlima," akasema. "Sasa hiyo treni yako ipite hapa."

Yuko sahihi. Reli ya Uhuru, ndiyo hiyo TAZARA, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande kigumu kuliko vyote ni hicho cha kutoka bonde la Kilombero kupanda nyanda zetu za juu. Mengi ya mahandaki yake 22 yako hapo. Mwaka niliopita huko nilikaa behewa la nyuma. Kwenye kona moja nilichungulia dirishani nikaona kichwa cha treni yetu wenyewe kikipita upande wa pili wa bonde, kikienda kinyume na tulivyokaa. Watoto walipiga makofi. Ndivyo reli ya magurudumu inavyopanda mlima: inauzunguka, inaubembeleza.

Treni inayokwenda kilomita 500 kwa saa haiwezi kubembeleza mlima. Wajapani wameipangia njia yao kona isiyo kali kuliko mzingo wa duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 8. Chora duara hilo ukiwa umesimama Mwanjelwa: linameza mlima Loleza na karibu mji wote, na ukingo wake ndiyo kona kali kuliko zote inayoruhusiwa. Kwenye milima isiyokubali kona pana hivyo, kilichobaki ni kutoboa. Kati ya Tokyo na Nagoya, kilomita 286 hivi, zaidi ya asilimia 80 ya njia inapita chini ya ardhi. Kwa hiyo kutoka Mlimba hadi Makambako usitegemee kutumia hata tuta moja la TAZARA. Kila kitu kingeanza upya, kwa zege na kwa kutoboa mwamba.

Kuna kitu kimoja waliokuwa wanaitetea walipatia bila kujua: mteremko. Kwa kuwa haitegemei gurudumu kushika chuma, treni ya sumaku hupanda mwinuko ambao ungeishinda treni ya kawaida. Teknolojia ya Wajerumani, ndiyo inayotumika Shanghai, ilibuniwa kumudu mwinuko wa asilimia 10. Kitonga, ule mlima wa barabara kuu ya kutoka Dar, usingeitisha kwa mwinuko wake. Ingekwamishwa na kona zake.

"Inaelea, kwa hiyo umeme inaokula ni kidogo"

Msuguano wa gurudumu unaondoka, ni kweli. Lakini kwenye mwendo huo adui mkubwa ni hewa. Ukiongeza mwendo mara 2, nguvu ya kuipasua hewa inahitajika mara 8. Kwenye treni ya Japani kuna pia sumaku ambazo lazima zipozwe kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, la sivyo hazifanyi kazi. Makadirio ya Wajapani wenyewe kwa Tokyo–Nagoya ni kama megawati 270 wakati wa pilikapilika, treni zikiwa 5 kwa saa. Bwawa la Kidatu, linalotumia maji ya Ruaha Mkuu yanayotoka huku kwetu Usangu, lina uwezo wa megawati 204.

Ndiyo, tuna Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Umeme unaweza kupatikana. Ninachosema ni kwamba si kidogo, na atakayeiombea Mbeya treni hii aiweke hesabu hiyo kwenye barua yake.

"Sumaku zinaua, na ikianguka haponi mtu"

Sumaku zimekingwa zisiwafikie abiria kwa kiwango cha kuwadhuru. Ajali kubwa imetokea moja, Ujerumani, kwenye njia ya majaribio ya Emsland, Septemba 22, 2006, wakafa watu 23. Sumaku hazikuhusika. Gari la matengenezo lilikuwa bado njiani na treni ikaruhusiwa kuondoka. Ni kosa la kibinadamu ambalo dereva yeyote wa reli analijua na kuliogopa.

"Jiji likiunga mkono, imekwisha"

Mpwa wangu alinipigia akaniuliza, "Sasa Mjomba, madiwani wakipiga muhuri si kazi imebaki kwa wataalamu?" Nikamwambia, mwanangu, muhuri huo una thamani, ila sikiliza waliotutangulia.

Marekani, mwaka 2015, Gavana wa Maryland, Larry Hogan, alipanda treni hii Japani, akarudi ameipenda. Mwaka huohuo jimbo lake likapata dola milioni 27.8 za serikali kuu kwa ajili ya maandalizi ya njia ya Baltimore hadi Washington, safari ya dakika 15. Gavana yuko upande wako, fedha ya utafiti ipo, Wajapani wako tayari kusaidia. Lakini katikati ya miji hiyo miwili kuna miji midogo kama Greenbelt, ambako treni ingepita bila kusimama. Wao wangebaki na mashimo ya hewa ya handaki na kelele za ujenzi. Wakapinga, wakaendelea kupinga. Agosti 2025 serikali kuu ikaufunga mradi, na hakuna nguzo iliyokuwa imesimama.

Ujerumani, nchi iliyobuni ile ya Shanghai, ilitaka kujenga yake kutoka Munich hadi uwanja wa ndege, kilomita 37. Machi 2008 makadirio yakapanda kutoka euro bilioni 1.85 hadi zaidi ya bilioni 3, wakaiacha. Na Japani kwenyewe, ambako ujenzi umeshaanza, mkoa mmoja wa Shizuoka ulikataa kwa miaka ruhusa ya kuchimba kipande cha kama kilomita 10, ukihofia maji ya mto Oi yatapotelea handakini na kuwakausha wakulima wa chini. Lengo la kufungua mwaka 2027 likafa. Gharama ya kufika Nagoya iliyokadiriwa kuwa yeni trilioni 5.5 ilikuwa imefika trilioni 7 mwaka 2021.

Hofu ile ya Shizuoka mimi naiheshimu sana. Mkulima wa mpunga wa Mbarali angeielewa bila mkalimani.

Kwetu kuna jambo jingine la kujua. Reli si mali ya jiji. SGR iko chini ya Shirika la Reli, TAZARA ni ya serikali mbili, Tanzania na Zambia. Azimio la madiwani wa Mbeya halimfungi yeyote kati yao. Ila jiji lina vitu ambavyo hakuna mwingine anavyo: mpango wa matumizi ya ardhi, barabara za kufika stesheni, stendi, masoko. Njia ikishajaa nyumba, fidia inakuwa kubwa kuliko zege. Jiji linalotenga eneo mapema limeunga mkono kuliko jiji linaloandika barua kumi.

"Itatubebea viazi"

Hapa ndipo ninapoumia. Dada mmoja anayekusanya viazi vya Uporoto alisema kwa furaha kwamba treni hiyo ikija, mzigo wake utalala Kariakoo siku hiyohiyo. Sikutaka kumkatisha tamaa, lakini treni za sumaku zilizopo na zinazojengwa ni za abiria. Hakuna inayobeba gunia la viazi, mbolea, saruji wala shaba ya Zambia. Mzigo huo wote ungebaki barabarani, kwenye foleni ileile ya maroli kuanzia Mbalizi hadi Tunduma, kwenye miteremko ileile inayotuzikia ndugu zetu. Wala isingesimama Chimala, Mlimba au Chita, kwa kuwa treni ya kilomita 500 kwa saa ikisimama kila baada ya kilomita 40 haifikii mwendo wake kamwe. Kule bondeni Kilombero kuna vijiji ambavyo treni ndiyo daladala yao, ndiyo gari lao la wagonjwa.

Reli inayobeba gunia na mwenye gunia tunayo tayari, imepita Iyunga. Ilijengwa kwa matumaini ya kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzifikia. Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China, wa dola bilioni 1.4, kuifufua: njia, vichwa, mabehewa. Huo ndio mradi wa treni wa kanda ulio mezani leo, na sijasikia kijiwe hata kimoja kikiubishania kwa moto ule wa Jumamosi. Ghala la baridi la parachichi za Rungwe litakuwa wapi? Daladala zitafika mlango wa stesheni au abiria ataendelea kuburuta begi hadi barabara kuu? Iringa, isiyo na reli, italetaje mzigo wake Makambako?

Nilimwomba yule dada anitajie ana magunia mangapi kwa wiki msimu ukichanganya. Akahesabu kwa vidole, akasema 60, wakati mwingine 80. Nimeyaandika kwenye karatasi pamoja na ya wenzake wanne wa pale sokoni. Jumatatu naipeleka kwa diwani wetu.