Uainishaji wa kemikali kiforodha: maana yake kwa mwagizaji wa Arusha na Moshi

Uainishaji kiforodha ni kazi ya kuipa bidhaa namba yake kwenye kitabu cha ushuru. Namba hiyo huitwa msimbo wa HS. Tarakimu 6 za kwanza zinatumika karibu dunia nzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2 zikawa 8. Namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru (0, 10, 25 au 35% kwa bidhaa nyingi zitokazo nje ya Jumuiya), kibali kinachotakiwa, na kama lori litavuka Namanga au Holili bila maswali.

Kemikali isokaboni, yaani asidi, besi, oksidi na chumvi nyingi, ziko Sura ya 28. Sharti lake kuu ni kwamba kitu kiwe kemikali moja inayojulikana muundo wake. Uchafu mdogo uliobaki kiwandani hauiondoi kwenye sura hiyo, wala kuyeyushwa kwenye maji hakuiondoi. Kuchanganya ndiko kunakoiondoa. Ukichukua kostiki soda ukaitia viambato vingine ili iwe dawa ya kuzibulia mabomba, umeshatoka Sura ya 28 na umeingia kwenye dawa za usafi za Sura ya 34 au michanganyiko ya kichwa 38.24 (kichwa ni tarakimu 4 za kwanza za msimbo). Ushuru wa huko mara nyingi ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo afisa akiuliza “ina nini ndani?”, jina la biashara halimsaidii, anataka viambato na asilimia zake.

Mfano ulio karibu ni wa watengeneza sabuni. Ankara inaandika “soda” tu, na kuna soda tatu. Kostiki soda ya vipande ni 2815.11, na ya maji ni 2815.12. Magadi yaliyosafishwa kiwandani ni 2836.20. Baking soda ni 2836.30. Mfuko wa kilo 25 wa kostiki ya vipande unapaswa kuwa na alama ya kitu kinachounguza, daraja la 8, na namba UN 1823, yaani namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mizigo ya hatari. Ya maji hubeba UN 1824. Magadi hayana namba hiyo. Ankara ikisema magadi na mfuko ukaonyesha UN 1823, mzigo utafunguliwa, na hapo afisa ana haki kabisa, kwa sababu kostiki inaunguza ngozi na macho na haibebwi ovyo.

Zipo kemikali safi ambazo bado haziingii Sura ya 28. Chumvi ya kawaida iko 25.01 hata ikiwa safi ya maabara. Magadi ghafi, yale ya asili kama ya Ziwa Natron, yako 25.30. Sodiamu nitreti na potasiamu kloraidi zimehamishiwa kwenye mbolea, Sura ya 31. Wengi hukosea hapa kwa kudhani usafi pekee unatosha.

Kwa wasindikaji wa ngozi wa Moshi ugumu uko kwenye chumvi ya kromiamu. Ikiwa kemikali moja, ni salfeti ya kichwa 28.33, ikiwa imetengenezwa kama mchanganyiko wa kusindikia ngozi, ni 32.02. Kwa macho ni unga uleule wa kijani. Usimwachie wakala wa forodha akisie. Omba TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) uamuzi wa awali wa uainishaji kabla ya kulipia mzigo, ukiambatanisha maelezo ya mtengenezaji, cheti cha uchambuzi na SDS, yaani karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali.

Msimbo ukishajulikana, vibali vinafuata. Kemikali za viwandani na majumbani ziko chini ya Sheria Na. 3 ya 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwanza unasajiliwa wewe mwagizaji, kisha unaomba kibali cha mzigo wenyewe, na kibali kitangulie lori. Jina, kiasi na asili ya kemikali kwenye kibali vifanane na ankara. Umeombea kilo 10,000, yaani mifuko 400 ya kilo 25, zikaja kilo 10,500: zile 500 hazina kibali, na gharama za maegesho zinakwenda juu yako. Uzito wa kibali uwe wa kemikali yenyewe, bila mifuko na palati.

Ushuru hukokotolewa kwa thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima hadi unapoingia nchini. Magadi kutoka Kenya yenye cheti cha uasili cha Jumuiya, yaani hati inayoonyesha bidhaa imetoka nchi mwanachama, hayalipi ushuru wa forodha, ila VAT bado ipo. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Angalia kama kemikali yako imo kabla ya kukitegemea.

Tamko la uongo ni kosa chini ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya 2004: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Na mzigo kutoka getini si mwisho wa hesabu, kwani forodha inaweza kudai nyaraka zake ndani ya miaka 5. Ankara, kibali, SDS, cheti cha uchambuzi na tamko viwekwe jalada moja, kila mzigo na lake.