Gesi Yetu ni Kavu, Lakini Bomba Lake Si Kavu

Juma lililopita, katika semina moja hapa Mtwara mjini, nilikuwa nimemaliza kueleza jinsi slagi, yaani kizibo cha kimiminika kinachosukumwa na gesi, inavyojijenga ndani ya bomba la chini ya bahari, ndipo kijana mmoja mhitimu wa uhandisi aliponyoosha mkono na kusema kwa adabu kabisa: "Samahani Mwalimu, haya ni matatizo ya wenzetu wenye mafuta. Gesi yetu sisi ni kavu." Nusu ya ukumbi ikatikisa vichwa kukubaliana naye. Kauli hiyo nimeisikia Dar es Salaam, nimeisikia Lindi, nimeikuta katika andiko la mwanafunzi wangu mwenyewe, na sasa nimeisikia kwa mtu ambaye miaka michache ijayo huenda akakabidhiwa chumba cha kuongozea mitambo. Siwezi kuiacha ipite tena.

Neno "kavu" lina maana mbili katika kazi yetu, na watu huzibadilishana bila kujua. Kwa mkemia, gesi kavu ni ile isiyo na hidrokaboni nzito za kutosha kutoa kondenseti, yaani mafuta mepesi yanayojitenga gesi inapopoa. Kwa maana hiyo gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, ni kavu kweli, kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 yake ni methani. Kwa mhandisi wa mabomba, gesi kavu ni ile iliyoondolewa mvuke wa maji kiasi kwamba hata ikipoa njiani haitatoa tone. Gesi inayoingia katika bomba la inchi 36 la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa 2015, ni kavu kwa maana zote mbili, kwa sababu kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba, hapa Mtwara, kimeikausha. Kabla ya kiwanda haikuwa hivyo. Anayesimama Kinyerezi, Dar es Salaam, bomba linakoishia, na kusema gesi ni kavu anasema kweli, lakini anayesimama juu ya kisima Msimbati, gesi ya Mnazi Bay inakotoka, na kutamka neno lilelile amechukua sifa ya kemia akaifanya kuwa sifa ya bomba.

Gesi hiyo imekaa ndani ya mwamba pamoja na maji kwa muda usiohesabika, kwa hiyo inatoka ikiwa imeshiba mvuke. Chukua gesi yenye joto la nyuzi 60 na kanieneo, ambayo mafundi wote huiita presha, ya baa 100, kisha ipoze hadi nyuzi 5 kama inavyopoa kwenye sakafu ya bahari kuu. Kila mita za ujazo milioni moja, zikipimwa katika hali ya kawaida ya hewa, zitaacha zaidi ya tani moja ya maji bombani. Hapo sijahesabu maji ya mwamba wenyewe, ambayo huongezeka kadiri kisima kinavyozeeka, wala sijahesabu glaikoli, kimiminika cha kuzuia mgando, ambayo tunaiingiza sisi kwa mikono yetu. Tunaiingiza kwa sababu ya haidrati, yaani mgando mfano wa barafu unaofanywa na maji na gesi pamoja. Tangu mtafiti Hammerschmidt alipoonyesha mwaka 1934 kwamba kinachoziba mabomba ya gesi si barafu ya kawaida bali haidrati, tunajua kwamba methani na maji huweza kuganda pamoja hata kwenye nyuzi 10, mradi presha ifike takribani baa 70. Sitaki kukaa sana hapa, kwani vitabu vinalieleza jambo hili vizuri.

Ninapotaka kukaa ni kwenye jibu linalofuata kila mara ninapofika hapa, na ambalo kijana yule alinipa pasipo kusita: "Sawa Mwalimu, tuseme kimiminika kipo. Lakini ni asilimia moja tu."

Asilimia moja ya nini? Ya kinachoingia, au ya kilichomo? Hizi ni namba mbili tofauti, na kuzichukulia kuwa moja ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote katika somo hili, hata katika karatasi za watu wenye shahada kubwa. Kinachoingia kinapimwa mlangoni, kwa ujazo wa kila sekunde. Kilichomo ndicho tunachokiita ukaaji wa kimiminika, yaani sehemu ya bomba iliyojaa kimiminika pale unapolikata na kulitazama. Namba hizi mbili zingelingana iwapo gesi na kimiminika vingekwenda kwa kasi moja, na haviendi.

Fikiria msimu wa korosho, katika barabara inayotoka Masasi kupanda Newala. Tuseme kwa kila bodaboda 99 zinazoingia kwenye mlima huo huingia lori moja, na kwamba lori hupanda kwa sehemu ya kumi ya kasi ya bodaboda. Ukikaa chini ya mlima ukahesabu wanaoingia, malori ni asilimia moja. Ukiupiga mlima mzima picha kutoka angani, kila lori lililoingia litakuwa bado lipo pale mara kumi ya muda wa bodaboda, kwa hiyo kwenye picha utahesabu malori karibu 10 kwa kila bodaboda 99. Barabara imejaa malori kwa karibu asilimia 9, na hakuna lori lililoongezeka wala aliyedanganya katika kuhesabu.

Sasa turudi bombani. Chukua bomba lenye eneo la ndani la mita ya mraba 0.1, linaloingiza gesi mita za ujazo 0.3 kwa sekunde na kimiminika mita za ujazo 0.003. Hiyo ndiyo asilimia moja yetu. Gesi hukiburuta kimiminika kwa msuguano wa juu, huku ukuta wa bomba ukikishikilia kwa chini, na tuseme matokeo yake ni kwamba kimiminika kinatambaa kwa mita 0.3 kwa sekunde. Ili mita za ujazo 0.003 zipite kila sekunde kwa mwendo huo, ni lazima zichukue mita ya mraba 0.01 ya bomba, ambayo ni asilimia 10. Katika bomba la urefu wa kilomita 25, mtu wa "asilimia moja tu" anatarajia mita za ujazo 25 za kimiminika. Zilizomo ni 250.

Na hapa ndipo huja pendekezo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linaonekana kuwa la busara: basi tuweke bomba kubwa zaidi. Katika gesi iliyokaushwa pendekezo hilo ni sahihi, maana presha inayopotea njiani hupungua. Katika mtiririko wa awamu nyingi, yaani gesi na kimiminika pamoja, hali inaweza kugeuka. Ongeza eneo liwe mita ya mraba 0.2 na gesi ileile ibaki: kasi yake inashuka kwa karibu nusu, na nguvu yake ya kuburuta inashuka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa msuguano hufuata takribani mraba wa kasi. Kimiminika kikipungua mwendo hadi mita 0.1 kwa sekunde, kitahitaji mita ya mraba 0.03, na kilomita zilezile 25 zitabeba mita za ujazo 750. Umenunua chuma kingi zaidi na umelijaza bomba maji mara tatu. Siku opereta atakapoongeza uzalishaji ghafla, sehemu kubwa ya maji hayo itafagiliwa kuelekea kiwandani kwa mkupuo, na kama kikusanya slagi, yaani chombo cha kupokea mkupuo huo, kilipangwa na mtu wa asilimia moja, separeta, chombo cha kutenganisha gesi na kimiminika, itafurika na kiwanda kitajizima.

Nilipomaliza hesabu hii ubaoni, kijana hakuridhika, na sikumlaumu, kwa maana kasi ya mita 0.3 nilikuwa nimeipendekeza mimi. Kwa hiyo tulipotoka nilimpeleka kwenye nyumba inayojengwa jirani, tukamwomba fundi mwashi mpira wake wa levo, ule wa kuonyesha maji ndani. Tuliulaza juu ya mchanga ukiwa na bonde dogo katikati, tukamimina maji chini ya nusu glasi, nikamwambia apulize taratibu. Maji yalikusanyika bondeni, yakapanda kidogo upande wa pili, yakarudi, na viputo vikapenya katikati yake. Pumzi ilipita, maji hayakutoka. Akaongeza pumzi kidogo: uso wa maji ukaanza kupiga mawimbi, wimbi moja likainuka likagusa paa la mpira, na papo hapo likawa kizibo. Aliniambia baadaye kwamba aliisikia shavuni, pumzi imegoma, halafu imeachia ghafla. Kizibo kilitoka upande wa pili kwa kishindo kikamlowesha fundi miguu. Akapuliza tena kwa nguvu ileile, hapakutoka kitu, kwani maji yaliyosalia yalikuwa hayajatosha kujenga kizibo kingine.

Fundi akauliza swali lililo bora kuliko mengi niliyoulizwa semina nzima: "Sasa nikiinyoosha ikawa sawasawa, si itaisha?" Ikinyooka kabisa, nafuu ni kubwa. Mteremko wa nusu digrii tu kwenda chini hufanya kimiminika kikimbie chembamba, na mwinuko wa nusu digrii kwenda juu hukirundika mara kadhaa zaidi, pale gesi inapokwenda polepole. Lakini sakafu ya bahari hainyoshwi. Visima vya bahari kuu mbele ya Lindi, kama vya Zafarani iliyogunduliwa 2012, viko takribani kilomita 100 kutoka pwani, kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Gesi hiyo ikitakiwa kufika Likong'o, panapokusudiwa kiwanda cha kuisindika kuwa kimiminika, lazima ipande mteremko wa bara wenye makorongo, ikiwa na maji yake na glaikoli yetu, katika baridi. Jambo hilo linawezekana, kwani Wanorwe wameendesha maeneo ya gesi ya baharini ya Ormen Lange kwa umbali wa kilomita 120 na Snøhvit kwa kilomita 143 tangu 2007. Waliweza kwa sababu tangu miaka ya 1980 walikuwa wakipima ukaaji wa kimiminika katika maabara ya Tiller, karibu na Trondheim, kwenye bomba la inchi 8 lenye urefu wa mamia ya mita, na kuingiza vipimo hivyo katika programu za kukokotoa mtiririko. Hawakuanza na dhana kwamba gesi yao ni kavu.

Inanipasa pia kusema jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Fomula ambazo wanafunzi wangu wanazitumia kukisia ile kasi ya mita 0.3 zina asili ndogo sana. Fomula ya Beggs na Brill ya 1973, ambayo bado imo karibu katika kila programu, ilitokana na hewa na maji katika mabomba ya inchi 1 na inchi 1.5. Hewa ya maabara ina uzito wa takribani kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, na methani kwenye baa 80 ina zaidi ya mara 50 ya huo. Kuitoa fomula hiyo inchi 1 na kuipeleka inchi 30 ni kuvuka bahari kwa ramani ya kisima. Tofauti ya asilimia 20 au 30 kati ya hesabu na kipimo ni jambo la kawaida katika fani hii, na pale kimiminika kinapokuwa kichache na mwinuko mdogo, yaani hasa hali ya gesi "kavu", tofauti huweza kuzidi hapo. Msuguano kati ya uso wa gesi na uso wa kimiminika wenye mawimbi hakuna anayeukokotoa kutoka kanuni za msingi kwa bomba halisi. Tunaupima, tunaulinganisha, tunaukisia.

Katika bomba letu la majaribio la plastiki angavu, lenye upana wa milimita 50, niliwahi kurudia jaribio lilelile asubuhi na alasiri, kwa hewa ileile na maji yaleyale, nikafunga valvu za haraka na kupima maji yaliyonaswa, na majibu yakatofautiana kiasi cha kunikosesha usingizi. Siku ya tatu tuligundua kwamba tangi lilikuwa limeoshwa kwa sabuni na halikusuuzwa vizuri. Kiasi hicho kidogo cha sabuni kilitosha kutuliza mawimbi, na mawimbi yakitulia gesi hukosa pa kushika. Tangu hapo, kila nionapo hesabu ya ukaaji wa kimiminika yenye tarakimu nne baada ya nukta, huuliza kwanza maji yalikuwa na nini ndani yake: glaikoli kiasi gani, dawa gani ya kuzuia kutu, povu au hapana.

Kijana yule amekuja maabara mara mbili tangu semina. Juzi tuliinua bomba nusu digrii, tukashusha hewa hatua kwa hatua, naye akiandika namba mwenyewe. Kwenye hatua ya tano ukaaji ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 19 bila maji yanayoingia kubadilika, na aliomba tuirudie hatua hiyo kabla ya kuiandika kwa kalamu.