Maziwa ya ng'ombe hayabadilishi jeni zako

Imenifikia tena: "Ukinywa maziwa, DNA ya ng'ombe inaingia kwenye jeni zako." Haiingii. DNA ya chakula humeng'enywa, iwe ya maziwa, ya nyama au ya mboga. Kinachobadilika ni utendaji wa jeni, yaani ipi isomwe na kwa kiasi gani, na hilo hutokea kila unapokula. Nusu lita ya maziwa ina takriban gramu 17 za protini. Lusini, mojawapo ya vijenzi vya protini hiyo, huamsha mTORC1, swichi ya ukuaji ndani ya seli, insulini hupanda, jeni kadhaa hubadili kasi, kisha baada ya saa chache hutulia.

Hoja inayostahili kujibiwa ni kwamba mikroRNA za maziwa huingia kwenye seli zetu na kudhibiti jeni zetu. MikroRNA ni vijiuzi vya RNA, vyenye herufi za kijeni kama 22, vinavyozuia ujumbe wa jeni usigeuzwe protini. Kwenye maziwa baadhi hukaa ndani ya eksosomu, vifuko vinavyovikinga. Mwaka 2014 watafiti wa Nebraska, Marekani, waliwapa watu wazima robo lita, nusu lita na lita nzima, wakaona mikroRNA mbili, miR-29b na miR-200c, zikipanda kwenye plazima, yaani majimaji ya damu. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ninapokasirika. Mfuatano wa miR-29b ya ng'ombe na ya binadamu ni uleule! Kipimo hakiwezi kukuambia iliyopanda imetoka kwenye glasi au kwenye seli zako mwenyewe.

Njia safi ni kutumia mnyama asiyeweza kabisa kutengeneza mikroRNA inayopimwa. Mwaka 2015 vitoto vya panya vilivyoondolewa jeni ya mikroRNA nyingine, miR-375, vilinyonyeshwa na panya wenye nayo. Ilionekana tumboni, ikasambaratika utumboni, na hakuna dalili kwamba ilifika kwenye viungo vingine.

Tena kuna hesabu. Ukitaka hata nakala 100 tu za mikroRNA kwa kila seli, katika seli bilioni 100, lazima zifike trilioni 10 zikiwa nzima. Na kiwandani, kupasha moto kwa pasteurisheni ili kuua vijidudu na kuvunja mafuta yawe matone madogo hupoteza karibu theluthi mbili ya miR-200c. Usikimbilie maziwa mabichi kwa sababu hiyo: bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe si nadharia.

Mashaka ninayo. Utumbo wa mtoto mchanga hupitisha mengi kuliko wa mtu mzima. Eksosomu zilizotiwa rangi zimeonekana kwenye viungo vya panya, ingawa rangi huweza kubanduka ikasafiri peke yake. Kwa hiyo ukiniletea utafiti, nionyeshe mikroRNA ambayo ng'ombe anayo na binadamu hana, nakala ngapi zimeingia kwa kila seli, na protini ipi imeshuka.