Uwezo wa uwanja si hesabu ya viti

Tangu Kenya, Tanzania na Uganda zipewe uenyeji wa pamoja wa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya mwaka 2027, mazungumzo kuhusu viwanja yamegeuka kuwa mashindano ya tarakimu: huu unabeba watu 60,000, ule 30,000, na mwingine haufiki hata nusu ya hapo. Wengi huamini kuwa uwanja mkubwa ndio uwanja bora, na kuwa uwezo wake ni idadi ya viti vilivyofungwa majukwaani.

Ukweli ni kwamba idadi ya watu wanaoruhusiwa siku ya mechi hutegemea namna wanavyoingia na, zaidi ya hapo, namna watakavyoweza kutoka kwa haraka pakitokea hatari. Wakati wa CHAN (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025, baada ya mashabiki kuvunja ulinzi katika mechi za awali za Kenya pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliamuru kwamba mchezo wa Harambee Stars dhidi ya Zambia uingize watu 27,000 tu. Hakuna kiti kilichong'olewa. Kilichopungua ni imani ya CAF kwa mageti na ulinzi wa uwanja huo.

Kwa sababu hiyohiyo, si sahihi kudhani kwamba Maracanã ya Rio de Janeiro imeshuka hadhi kwa kuwa leo haifikishi watazamaji 80,000, ilhali mwaka 1950 mechi ya Kombe la Dunia kati ya Brazil na Uruguay ilikatiwa tiketi 173,850. Sehemu kubwa ya umati ule ilisimama kwa kubanana, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa katika Kombe la Dunia.

Dhana nyingine, ambayo kwangu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, ni kwamba maafa ya viwanjani husababishwa na wingi wa watu au utovu wa nidhamu wa mashabiki. Tarehe 24 Januari 2022, kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro, watu 8 walikufa kwa kukanyagana kwenye lango la kusini la uwanja wa Olembe, Yaoundé. Uwanja ulikuwa mpya, na masharti ya Uviko yalikuwa yamekwisha kupunguza idadi ya watazamaji. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alieleza baadaye kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Huko Accra, Mei 2001, mashabiki wachache walianza kurusha viti, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, na maelfu waliokimbilia nje wakakuta milango imefungwa. Watu 126 wakapoteza maisha. Kwa hiyo mkaguzi anayehangaika na upana wa ngazi na mlango unaofungukia nje hatafuti visingizio, ingawa ndivyo anavyosemwa kila anapoikatalia nchi uwanja wake.

Kisha kuna eneo la kuchezea, ambalo watu hulidhania kuwa ni nyasi tu. Chini ya nyasi hizo huwa kuna tabaka za mchanga na kokoto, pamoja na mabomba ya kuondoa maji, na mfumo huo ukizidiwa, mpira unaopigwa pasi fupi hukwama njiani. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, unaobeba watu 60,000 na kukanyagwa na Simba, Yanga na Taifa Stars, ulifungiwa na CAF mwezi Machi 2025 kwa ubovu wa eneo hilo. Ulifunguliwa tena, lakini mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco, tarehe 25 Mei, ilihamishiwa Amaan, Zanzibar, ambao ukubwa wake ni takriban robo ya ule. Waliozoea kutamba kwamba kwa Mkapa hatoki mtu wakalazimika kuvuka bahari.

Nyasi bandia nazo si haramu kama inavyodaiwa: Kombe la Dunia la wanawake la 2015 nchini Canada lilichezwa lote juu yake, ingawa kwa lile la wanaume la 2026 FIFA ilitaka nyasi za asili hata katika viwanja vya Marekani vilivyozoea bandia.

Wala kibali cha uwanja kuandaa mechi kikishatolewa hakidumu milele. Mwezi Juni 2024 Harambee Stars waliwakaribisha Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, kwa kuwa nchini Kenya hapakuwa na uwanja hata mmoja uliokidhi masharti, Kasarani yenye maelfu ya viti ikiwemo.