Usiache ghafla, njoo navyo: maswali na majibu kuhusu vidonge vya kunenepa na mkorogo

Maswali haya nimeyakusanya katika kituo cha afya ninakofanya kazi: mengine kwenye benchi la nje, mengine kitandani mtu akiwa na dripu mkononi. Wanaouliza wengi ni dada zetu, wengine mama zao, na siku hizi hata vijana wa kiume. Swali la tatu ndilo lililonifanya nikae niandike. Ukiwa na haraka, anza na hilo.

Daktari, vile vidonge vya kunenepa si vitamini?

Si vitamini. Kwenye kile kipakiti kisicho na jina mara nyingi kuna dawa mbili. Ya kwanza ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula na kukusinzisha mchana kweupe. Ya pili ni deksamethasoni, mnayoiita deksa, na hiyo ndiyo yenye kesi. Ni steroidi, yaani nakala ya kiwandani ya kotisoli, homoni ambayo mwili wako unaitengeneza wenyewe kila siku. Ila nakala hii ni kali kuliko ya asili: miligramu 0.75 za deksa zinafanya kazi ya miligramu 20 za kotisoli. Ukinywa viwili asubuhi na viwili jioni, vya nusu miligramu kila kimoja, umemeza kitu sawa na kotisoli zaidi ya miligramu 50, wakati mwili wa mtu mzima mwenye afya unatengeneza kama 10 hadi 20 kwa siku. Vitamini gani hiyo?

Hiyo kotisoli kazi yake nini?

Inatengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, zinazoitwa adrenali, kwa amri inayotoka kwenye ubongo. Inashikilia sukari na presha visianguke unapofunga, unapougua au unapoumia. Kazi yake nyingine ni kuituliza kinga ya mwili. Chembe za kinga zinaongea kwa kutumiana kemikali ziitwazo saitokini: moja ikikutana na mdudu inapiga mbiu, nyingine zinaitika, na wewe unaona homa, uvimbe na maumivu. Kotisoli inashusha sauti ya mbiu hiyo ili mwili usijichome wenyewe.

Ndiyo maana steroidi ikitumiwa mahali pake ni dawa kubwa. Mwaka 1948, kwenye Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa homoni ya jamii hii mama aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akasimama akatembea. Hench alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1950. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa deksa inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Sina ugomvi na dawa, basi. Ugomvi wangu ni na kipakiti.

Nimetumia miezi minne, uso umefura, na sasa naogopa. Naacha leo?

Usiache leo. Najua ulitegemea nikwambie uvitupe chooni. Usivitupe.

Sikiliza. Ubongo unapima kotisoli iliyomo kwenye damu. Ukiona imejaa, hautoi amri, na tezi zisizopata amri zinasinyaa. Ni kama nyumba inayoletewa ugali na jirani kila siku kwa miezi minne: nani atawasha jiko? Kuni zimekwisha, jiko limejaa majivu. Siku jirani akisafiri bila kuaga, watoto wanalala njaa, kwa sababu jiko halirudi kuwaka kwa siku moja.

Mwilini njaa hiyo inaonekana hivi: unachoka kupita kiasi, kichefuchefu, tumbo linauma, ukisimama unaona giza, unatapika, presha inashuka, sukari inashuka, unapoteza fahamu. Wengine hawaamki. Ikitokea katikati umepata malaria au kuharisha, inakuja haraka zaidi, maana wakati wa ugonjwa mwili ulitakiwa kuongeza kotisoli, na haina pa kutoka.

Kwa hiyo usiache ghafla. Kunywa kiasi kilekile ulichozoea leo, na kesho asubuhi uje kituoni navyo mkononi. Vyote: vidonge, kipakiti, hata makopo ya krimu. Sitakucheka.

Basi nitapunguza mwenyewe nyumbani, nusu nusu.

Hapana, dada yangu. Hujui ndani mna nini, hujui una kipimo gani, na sukari na presha yako hujapima. Sisi tunakubadilishia dawa inayopunguzika kirahisi, tunashusha hatua kwa hatua kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na ukipata homa katikati tunapandisha. Tezi zilizolala zinaweza kuchukua miezi mingi kuamka, hata mwaka. Hiyo si hesabu ya kufanyia jikoni. Usiache ghafla, usijipunguzie, njoo navyo.

Mdogo wangu aliacha juzi. Tangu jana anatapika na amelegea. Tumpe ya malaria kwanza tuone?

Msione chochote. Mleteni sasa hivi, kwa bodaboda, bajaji, chochote kinachotembea. Msisubiri asubuhi, msisubiri shemeji arudi kutoka kazini.

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mitaani kwetu kila kutapika ni malaria na kila kulegea ni UTI. Mgonjwa anamezeshwa vidonge siku mbili, anavitapika, siku ya tatu analetwa presha haisomeki. Na hata akifika, ndugu wanakaa kimya kuhusu zile dawa kwa sababu ya aibu. Nimewahi kumuuliza mama mzazi mara tatu kama binti anatumia dawa yoyote, mara tatu akasema hapana, mpaka shangazi yake akaninong'oneza mlangoni.

Semeni kwa sauti, kwa mtu wa kwanza mtakayemkuta getini: "Alikuwa anatumia dawa za kunenepa, ameacha." Sentensi hiyo inabadilisha kila kitu. Malaria tutapima, ndiyo, lakini hatutasubiri majibu. Tutamchoma haidrokotisoni, yaani kotisoli yenyewe ya sindano, miligramu 100, tutamwekea dripu ya chumvi na kuangalia sukari. Dawa hiyo si ghali wala si ngeni. Ghali ni siku mbili mlizokaa naye ndani.

Mimi sinywi kitu, napaka tu. Kupaka kuna shida gani?

"Napaka tu." Laiti ningelipwa shilingi kwa kila hiyo "tu".

Makopo mengi ya kujichubua yana klobetasoli, steroidi ya ngozi ya daraja la juu kabisa kwa ukali. Daktari akikuandikia, ni kwa sehemu ndogo yenye ugonjwa, isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Wewe unapaka mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka wa tatu huu, tena umeichanganya kwenye mkorogo na vitu usivyovijua. Ngozi si turubai, dawa inapita. Ikishaingia kwenye damu, ubongo haujali ilipitia mdomoni au kwapani, na tezi zinalala vilevile. Jibu basi ni lilelile: usiache ghafla, njoo na makopo.

Wakunga na wapasuaji wanaijua ngozi hii kabla hawajaambiwa. Mama amejifungua kwa upasuaji, unavuta uzi, nyama inakatika kama karatasi iliyolowa. Siku ya saba mshono umefumuka. Kidonda kikitokea, chembe zinatoa proteini ziitwazo vichocheo vya ukuaji, zinazoamuru ngozi mpya iote na mishipa mipya ya damu ichipue. Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walipata Nobel mwaka 1986 kwa kugundua vya kwanza. Steroidi nyingi mwilini inavizima vichocheo hivyo na kuzuia nyuzi zinazoishikilia ngozi. Ukija kujifungua, basi, mwambie mkunga unapaka nini.

Lakini mashavu si ndiyo afya? Kila mtu ananisifu.

Wanaokusifu hawajakuona ukipanda ngazi. Unachopata ni maji na mafuta, na yanakwenda usoni, shingoni na tumboni. Mikono na mapaja yanapoteza nyama. Michirizi ya zambarau inatokea, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua uzito. Hiyo si shepu.

Kinachonikera zaidi ni yule aliyekonda kwa sababu anaumwa. Anakohoa wiki tatu, nguo zinamvuka, na badala ya kuja kupima anakwenda kununua mashavu ili watu wasiseme. Saitokini moja, iitwayo TNF, ndiyo inayosaidia kushikilia ukuta unaoufungia mdudu wa kifua kikuu usitoke. Steroidi inaubomoa ukuta huo, na wakati huohuo inashusha homa, kwa hiyo mgonjwa anajiona afadhali huku kifua kikuu kinatembea. Ukikonda bila kukusudia, pima kifua kikuu, pima VVU, pima sukari.

Daktari alinipa prednisoloni siku tano kwa ajili ya pumu. Na mimi nisiache?

Prednisoloni nayo ni steroidi, lakini wewe maliza siku tano zako, simama. Tezi hazijalala kwa siku tano. Anayeambiwa asikatize ni aliyetumia wiki tatu na kuendelea, au anayerudiarudia dozi fupi kila mara. Na wenye pumu, lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) au baridi yabisi waliopewa za muda mrefu, zisiwaishie Ijumaa jioni mkasema mtafuata Jumatatu.

Mtoto wangu wa miezi mitano anatokwa vipele matakoni. Jirani amenipa krimu yake, imemponya wake kwa siku mbili.

Isome tyubu. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, steroidi nyingine kali, hata kama imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria, usimpake. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na nepi inaifunika dawa iingie zaidi. Vipele vinapotea kwa sababu mbiu imezimwa, lakini fangasi yupo palepale. Mtoto anayepakwa kwa miezi anaweza kufura mashavu, na akaacha kurefuka. Bibi yake atasema amenona. Mwache wazi bila nepi, mkaushe vizuri, mpake mafuta ya zinki, na visipopungua siku tatu mlete. Kama ameshapakwa wiki kadhaa, mlete kesho na tyubu yenyewe, na leo mpake kidogo kama ulivyokuwa ukimpaka.