Je, wajua kwa nini saratani ya ngozi huwahi kumfika mtu mwenye ualbino?

Australia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa saratani ya ngozi, na huko wanaougua zaidi ni wazee, watu weupe waliopigwa na jua miaka 50 au 60. Tanzania hali ni nyingine. Mtu mwenye ualbino anaweza kufika kliniki akiwa na miaka 25 tu, na kidonda kilichoko shavuni au shingoni kikawa tayari ni saratani. Ugonjwa ni uleule, jua ni lilelile. Kwa nini kwake unawahi kiasi hicho? Jibu limo ndani ya seli, na ukilifuata hatua kwa hatua unaona pia kuwa saratani hii huchukua muda mrefu kuiva, na muda huo wote inazuilika.

Mwanga wa jua una sehemu tusiyoiona kwa macho, yaani mionzi ya urujuanimno. Kundi lake moja, UVB, hunyonywa moja kwa moja na DNA, ile molekuli ndefu inayobeba maagizo ya urithi. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne: A, T, C na G. Pale T mbili zinapokaa ubavu kwa ubavu, nishati ya UVB huziunganisha zikagandana. Hivyo hivyo kwa C mbili, au T na C. Uzi wa DNA hupinda mahali hapo, na mitambo ya seli inayousoma au kuunakili hukwama. Mionzi ya UVA haiipigi DNA kwa ukali huo, lakini huzama ndani zaidi ya ngozi na hupenya hata kioo cha dirisha la gari.

Majeraha haya humpata kila binadamu anayetoka nje mchana, na mengi hutengenezwa kabla hayajaleta madhara. Protini maalumu hupita zikikagua, hukata kipande cha herufi zipatazo 30 chenye kasoro, kisha pengo hujazwa kwa kufuata uzi wa pili wa DNA uliobaki mzima. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki anayefanya kazi Marekani, alichambua kazi hiyo hatua kwa hatua, na mwaka 2015 akashiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Umuhimu wa protini hizo, mafundi wa DNA, unaonekana kwa watoto wachache wanaozaliwa bila mafundi hao: saratani za ngozi huwaanza wakiwa bado wadogo, hata kama wana melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha.

Melanini ndiyo kinga inayotangulia. Seli ziitwazo melanosaiti huitengeneza ndani ya vifuko vidogo, kisha huvigawa kwa seli jirani za ngozi. Seli iliyopokea haiachi melanini izagae ovyo. Huipanga juu ya kiini, upande unaoelekea jua, kama mwavuli uliofunguliwa juu ya DNA.

Mtu mwenye ualbino anazo melanosaiti hizo. Anachokosa ni melanini yenyewe. Katika eneo letu na kusini mwa Afrika, chanzo kikubwa ni jeni OCA2 iliyoko kwenye kromosomu ya 15, ambayo kipande chake chenye herufi zipatazo 2,700 kimedondoka. Jeni hiyo hutoa protini inayopunguza ukali wa tindikali ndani ya vile vifuko. Tindikali ikizidi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini hushindwa kufanya kazi. Kipande kilekile hukosekana kwa watu wenye ualbino wa Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini, dalili kwamba badiliko hilo lilitokea zamani sana kwa mhenga mmoja, likasambaa na vizazi vyake.

Mtoto huzaliwa na ualbino akipokea nakala yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kati ya 1,400. Ukipiga hesabu ya urithi kutokana na makadirio hayo, unapata takriban mtu 1 kati ya 19 aliyebeba nakala moja bila kujijua. Katika daladala iliyojaa, huenda yumo mmoja au wawili. Nalitaja hili makusudi, maana bado wapo wanaume wanaomkimbia mke aliyejifungua mtoto mwenye ualbino, wakati nusu ya urithi huo imetoka kwao.

Basi bila melanini, majeraha huwa mengi kuliko mafundi. Mengine hunakiliwa yakiwa na kosa, na kosa lenyewe lina sura yake: C hugeuka T, na pale palipokuwa na C mbili zilizofuatana huandikwa T mbili. Mwaka 1991 Douglas Brash na wenzake nchini Marekani walichunguza saratani za ngozi za aina ya skwamasi, ndiyo inayowasumbua zaidi watu wenye ualbino, wakazikuta alama hizo ndani ya jeni TP53. Ulikuwa ushahidi ulioachwa na jua lenyewe.

TP53 si jeni ya kuchezea. Protini yake, p53, huamua kama seli iliyojeruhiwa isimame itengenezwe au ife. Ngozi inayobambuka siku chache baada ya kuungua na jua ina seli nyingi zilizokufa kwa amri hiyo. Seli ambayo p53 yake imeharibika haiisikii amri. Jua likichoma tena, jirani zake wenye afya wanakufa, yenyewe inabaki na kujitanua kwenye nafasi walizoziacha. Hapa ndipo ukatili wa jua ulipo: huzaa seli mbovu, kisha huifyekea shamba.

Kundi la seli hizo likikua, juu ya ngozi hujitokeza kibaka kikavu cha milimita chache chenye magamba. Mara nyingi kidole hukigundua kabla ya macho, kwa sababu kinakwaruza. Vibaka vingi havifiki kuwa saratani, lakini baadhi huendelea kukusanya makosa katika jeni nyingine hadi seli zikaanza kuchimba kwenda chini. Kwa anayelima, kuchunga au kuuza barabarani bila kinga, makosa hayo hujazana ndani ya miaka 20 badala ya 60.

Tiba nazo hufuata hatua. Kibaka cha mwanzo hugandishwa kwa naitrojeni ya maji, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Vikiwa vingi, hupakwa krimu ya fluorourasili, dawa inayokizuia kimeng'enya kinachotengeneza herufi T. Seli inayogawanyika kwa pupa hukosa T za kunakilia DNA yake, ikafa. Saratani ikishaingia ndani hukatwa kwa upasuaji, na ikiwa ndogo, wengi hupona kabisa. Iliyokua sana huhitaji pia tiba ya mionzi, kama inayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa zile zilizosambaa, mwaka 2018 Marekani iliidhinisha semiplimabu. Dawa hii huifunika PD-1, breki iliyoko juu ya seli za kinga za mwili. Saratani ya skwamasi imejaa protini zilizoharibika, kwa hiyo kinga ikifunguliwa breki huzitambua upesi. Katika majaribio, takriban nusu ya wagonjwa waliona uvimbe wao ukinywea. Tasuku Honjo wa Japani, aliyegundua PD-1, alishiriki Nobeli ya Tiba mwaka huohuo. Nafurahia sayansi hiyo kwa dhati, ila bei yake iko mbali mno na mkulima wa Sengerema au Kigoma.

Kilicho karibu naye ni Kilisun, krimu ya kuzuia jua inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino. Krimu hupungua kwa jasho, hivyo hupakwa tena kila baada ya saa mbili, pamoja na masikio, kisogo na mdomo wa chini, sehemu zinazosahaulika kuliko zote. Mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana kuzunguka kichwa chote hufanya sehemu kubwa ya kazi iliyobaki. Anayemnunulia mtoto kofia ya shule aiache kepu dukani, kwani hiyo hufunika paji la uso tu.